Upande wa Nyuma wa Kadi

Daktari niliyemfanyia kazi Nakuru alikuwa na makabati mawili yaliyojaa kadi za wagonjwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina la mwanamke. Si kwamba hakutibu wanawake. Aliwatibu mchana kutwa, wakiwa wamejipanga kwenye benchi la barazani na watoto mgongoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaita mmoja mmoja. Lakini nikitaka kadi ya mwanamke ilinibidi kwanza nimwulize mumewe ni nani.

Desturi hiyo ilianzia mashambani. Alipofungua kliniki yake, kabla sijaajiriwa, wagonjwa wake walikuwa vibarua wa mashamba ya wazungu. Waliletwa kwa lori, na karani wa shamba alifuata namba za vipande, vile vitambulisho vya kazi. Kipande alichukua mwanamume. Mwanamke hakuwa na kipande, kwa hiyo hakuwa na namba, na asiye na namba angeandikiwa kadi gani? Daktari akaona njia rahisi: nyumba moja, kadi moja. Upande wa mbele ni mume. Upande wa nyuma ni mke na watoto. Kama wake ni wawili, alipiga mstari katikati. Nilipofika mimi, miaka ya hamsini imeshaanza, wengi waliokuja walikuwa watu wa mjini, makarani, watu wa reli, madereva, lakini desturi ilikuwa imeganda pale pale.

Siku moja nilimwambia kwamba hata ng'ombe wa maziwa kule Molo wana kadi zao, kila mmoja na jina lake. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kabati halina nafasi, akaendelea na kazi.

Alikuwa Mhindi mfupi, mpole, mwenye mikono midogo isiyotetemeka. Kiswahili alikijua vizuri kuliko Wahindi wengi wa pale mjini, ila na mwanamke asiyejua Kiswahili ilibidi mimi nitafsiri. Watu waliniita sista ingawa sikuwa na cheti chochote zaidi ya shule ya misheni na moyo wa kutoogopa damu. Sheria yake ilikuwa moja. Mwanamke akiingia, aliigeuza kadi kabla hajaketi, upande wa mume ukalala juu ya meza. Mwanamume akiingia, vivyo hivyo. Ya mume hayamhusu mke mpaka mume mwenyewe aseme, na ya mke hayamhusu mume.

"Na wewe," alikuwa akiniambia, "una macho lakini huna mdomo."

Mdomo nilikuwa nao, tena mkubwa, na mama yangu alikuwa akisema utaniponza. Lakini kwa habari ya kadi niliufunga, kwa sababu nilimheshimu mtu yule kuliko nilivyomheshimu mtu mwingine yeyote mjini.

Alikufa Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, kitini pake, gazeti likiwa mapajani. Nilifika kazini Jumatatu nikakuta mlango umefungwa na wagonjwa wamekaa barazani wakinisubiri mimi niwaeleze. Nilikwenda nyumbani kwake mbio. Mjane alikuwa ameketi sakafuni, amevaa nguo nyeupe, hana bangili hata moja. Nikaketi karibu naye nikalia, na sijui hata kama alijua ninalia nini. Mimi nilijua. Nililia mtu mwema, na nililia pia kazi yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Mambo yote yalishikwa na shemeji wa daktari, ndugu wa mjane, mwenye duka la mabati na misumari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa bidhaa tu, na kwake kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe ni yule ambaye jina lake limeandikwa juu. Chumba cha kliniki kilikuwa cha kupanga na mwenye nyumba alikitaka mwisho wa mwezi. Hakukuwa na daktari mwingine wa kuingia pale. Mjane alikuwa anarudi kwa ndugu zake Kisumu. Basi makabati yatauzwa, chupa za dawa zitarudishwa zilikotoka, na kadi zichukuliwe na wenyewe. Zitakazobaki zitachomwa.

"Bandika karatasi mlangoni," aliniambia. "Kila mtu kuja chukua yake."

"Bwana, kadi moja ina watu wengi," nikamwambia. "Mke yuko nyuma."

Akaichukua kadi moja, akaitazama mbele, akaitazama nyuma. "Jina nani hapa juu? Ya bwana. Basi ni ya bwana."

Nikambishia. Nikamwambia ni afadhali tunakili upande wa nyuma, tumpe kila mke karatasi yake. Akaniuliza nani atanakili mwandiko ule. Na kweli, mwandiko wa daktari ulikuwa mchovu, nusu Kiingereza nusu vifupisho vyake mwenyewe. Mimi niliuzoea lakini hata mimi nilikuwa natumia muda kuusoma. Akasema hapana, halafu akarudi dukani kwake, akaja tena adhuhuri kuhakikisha ninafanya alivyosema. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mikono magotini, akiwatazama wanaume wanavyoingia.

Walikuja. Wengine hawakujua kusoma, wakaikunja kadi mara nne na kuisukuma mfukoni. Mmoja aliniuliza kama anaweza kumwonyesha askari kadi hiyo kwenye kizuizi cha barabara, maana wakati ule wa Hali ya Hatari mtu alibeba karatasi yoyote aliyopata, hata kama hajui inasema nini. Nyingine nyingi hazikuwa na mtu wa kuzichukua. Nikivuta droo nilikuta kadi zimeandikwa Olenguruone, na Olenguruone hiyo watu wake walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa nguvu kabla hata sijaajiriwa. Nikakuta za mashamba ambayo vibarua wake walibebwa kwa malori asubuhi moja na kurudishwa kwao, na wao kwao hawajawahi kukuona. Nani angekuja kuwachukulia? Niliziacha zilipo.

Siku ya pili ndipo alipoingia dereva wa Molo.

Lazima nieleze habari za dereva huyo na mkewe, kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kukumbuka mwezi ule wote. Yeye alikuwa akiendesha lori la viazi na kabichi kutoka Molo mpaka stesheni ya Nakuru. Mtu mrefu, mkimya, koti la kijeshi mwaka mzima kwa ajili ya baridi ya kule juu. Mkewe alikuwa mtu wa kwetu, wa magharibi kama mimi, na ndiyo maana tulielewana. Nilimwita mdogo wangu, naye aliniita dada. Sikuweza kumwita mama fulani kama tunavyoita wanawake wote, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitiwa jina. Alikuwa amebeba mimba mara tatu. Ya kwanza ilikufa tumboni. Ya pili pia. Wa tatu alizaliwa, akalia usiku mmoja, akanyamaza. Mama mkwe alisema kuna kitu alikikanyaga alipokuwa msichana, akampeleka kuoshwa, kisha akaanza kumtafutia mwanawe mke mwingine.

Mume ndiye aliyemleta kwa daktari. Daktari alimpima damu, na matokeo yalipokuja aliyaandika upande wa nyuma wa kadi. Lilikuwa neno lile lile ambalo lilikuwa upande wa mbele, la miaka mingi nyuma, wakati dereva alipokuwa bado kijana asiye na mke. Kaswende. Wakati ule alipigwa sindano mbili, vidonda vikakauka, akapotea.

Siku ile nilisimama katikati ya daktari na yule mwanamke kutafsiri, mume akiwa nje. Daktari akamweleza yule mwanamke kwamba atapigwa sindano kila wiki, ni dawa ya kushika mimba. Nilimtazama daktari. Yeye akanitazama mimi. Nikatafsiri: ni dawa ya kushika mimba. Baadaye nilimwuliza mbona hakusema kweli, akaniambia kwamba kweli hiyo ina watu wawili, na hana ruhusa ya mmoja. Sindano zitafanya kazi hata kama hajui jina. Na hapo alikuwa sawa, maadamu yeye mwenyewe yuko hai azipige.

Sasa alikuwa amekufa, na mwanamke alikuwa na mimba ya nne, tumbo limeanza kuonekana, na sindano zilikuwa hazijafika hata nusu. Zikikatika, mtoto yule angekwenda njia ya wenzake. Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana. Daktari alikuwa ameniambia mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Basi dereva akaingia, kofia mkononi, akamwamkia shemeji, akaniamkia mimi.

"Nimesikia kadi zinachukuliwa. Nimekuja kwa yangu."

"Hiyo kadi mkeo anaihitaji," nikamwambia. "Mwache aje aichukue yeye."

"Ni yangu," akasema. "Iko na mambo yangu."

"Iko na yake pia, nyuma."

Aliangalia chini. Shemeji akainuka, akaja kwenye kabati, akaitafuta mwenyewe kwa kufuata jina, akampa. "Jina yake hii. Patia yeye, kwisha." Dereva akaikunja akaitia ndani ya koti, akaniambia asante kwa sauti ndogo, akatoka. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Niliona: anakuja mbio kuficha jina lake, na mke wake na mtoto wake wakafie mbali. Nilimwangalia kupitia dirishani akipanda lori na nikamtukana kimoyomoyo matusi ambayo sikufundishwa misheni.

Mkewe alikuja siku yake ya kawaida ya sindano, amepanda lori la jirani. Mumewe alikuwa safarini na mzigo, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba daktari amekufa. Alikuta chumba kina kabati moja, lingine limekwisha kuuzwa, na mimi nafunga chupa kwa magazeti. Nikamweleza. Akaketi kwenye benchi akasema pole, kisha akafunga mikono juu ya tumbo.

"Na sindano zangu, dada?"

"Kadi yako imechukuliwa na mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mimi ndiye mgonjwa."

Nikamwelekeza zahanati iliyokuwa upande wa pili wa mji. Nilifikiri nitaweza kuitii sheria ya daktari na kumwokoa mtoto pia, vyote viwili. Nikamwambia aeleze tu kwamba alikuwa anapigwa sindano kila wiki na daktari aliyekufa, na anataka kuendelea. Akaenda kwa miguu, jua limesimama. Mimi nikaendelea kufunga chupa, lakini nilizivunja mbili, na sikuwa mtu wa kuvunja vitu.

Alirudi alasiri, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameketi kwenye foleni mpaka dresa, yule mpima wagonjwa, akamfikia.

"Aliniuliza sindano ya nini. Nikamwambia ya kushika mimba. Akacheka, dada. Akaita mwingine aje asikie. Walisema hakuna sindano kama hiyo, huyo Mhindi alikuwa ananila pesa tu. Wakaniambia kama niko na barua ya kuonyesha ugonjwa wangu nilete, kama sina nirudi nyumbani nizae kama wanawake wengine."

Aliongea bila kulia. Alisema jirani mwenye lori anaondoka jioni, na mume wake hatampa ruhusa ya kuja tena mjini kama hakuna daktari wa kumwona, kwa hiyo basi, ndiyo mwisho. Akaanza kujifunga leso kichwani vizuri kwa safari.

Nilihisi hasira ikinipanda kutoka miguuni. Sikujua ninamkasirikia nani. Dresa, mume, shemeji wa mabati, au yule marehemu mwema na mikono yake midogo, aliyempa mwanamke dawa ya kweli kwa jina la uongo na kisha akafa Jumapili baada ya chakula. Alidhani ataishi milele? Alidhani hakuna siku ambayo mwanamke huyu atasimama mbele ya mtu mwingine na kuulizwa, unaumwa nini?

Nikafunga mlango wa barazani. Nikamwambia akae. Akakaa sakafuni, kwa kuwa kiti nacho kilikuwa kimeuzwa, na mimi nikakaa sakafuni pia. Nikamwambia kwa lugha yetu, neno kwa neno, jina la ugonjwa na mahali ulikotoka.

Barabarani mtu alikuwa akigonga bati, na ng'o ng'o ng'o hiyo ndiyo tu iliyosikika.

"Tangu wa kwanza?" akauliza.

"Tangu wa kwanza."

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe. Haikuwa wewe hata siku moja."

Alisema alioshwa mtoni alfajiri, Molo, na maji ya Molo alfajiri unayajua wewe dada, na mama mkwe amesimama ukingoni anahesabu dhambi zake. Alisema alipomzika wa tatu aliomba msamaha mbele ya wazee wa mume, msamaha wa kitu asichokijua. Kisha akaniangalia usoni.

"Na wewe ulikuwa unajua, siku ile ulikuwa unanitafsiria?"

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, na ingenisaidia. Yeye akainuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Twende huko kwa dresa. Hawajafunga."

Tulikwenda pamoja, karibu mbio, yeye na tumbo lake mbele. Dresa alikuwa yule yule. Barazani kulikuwa na watu wengi, wanawake kwa wanaume, na yeye alipouliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya kutania, kama yule mama wa sindano ya mimba amerudi na barua, mdogo wangu hakusogea karibu ili aongee kwa sauti ya chini. Alisimama pale pale aliposimama.

"Barua sina," akasema kwa Kiswahili chake kibovu, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. "Ugonjwa yangu ni kaswende. Bwana yangu ndiye alinipatia. Watoto watatu imekula. Huyu wa nne nataka sindano yake iishe."

Mzee mmoja aliyekuwa na kikohozi alikimeza. Dresa akaacha kucheka, akaufungua mlango kwa upana, akasema, "Ingia, mama." Akampima, akampiga sindano, akamwandikia karatasi yenye jina lake mwenyewe, la kwake, lililopewa na babake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hakunihitaji.

Lori la jirani liliondoka bila yeye. Alikwenda kwa dada yake wa damu, aliyeolewa na mtu wa reli na kukaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akaomba godoro. Dada yake akatuma habari Molo kwamba atakaa pale mpaka ajifungue. Sababu haikutajwa. Kila wiki alikwenda kwa dresa, na baada ya miezi michache dresa huyo huyo alikuwa akimwekea kiti kivulini.

Mimi nilimaliza kazi yangu pale kliniki. Siku ya mwisho shemeji alileta pipa tupu nyuma ya nyumba, tukazichoma zile kadi zilizobaki. Nilizibeba mikono miwili miwili. Olenguruone yote ilikwenda, na Molo, na mashamba ambayo majina yake yalikuwa majina ya utani tuliyowapa wazungu wenye mashamba hayo. Nilimkasirikia mtu yule mpaka nilipomtazama usoni. Alikuwa ameshika kadi moja karibu na moto, hakuitupa. Alikuwa akiutazama mwandiko.

"Mkono yake hii," akasema. "Yote mkono yake."

Akaitupa. Macho yalikuwa mekundu na sitaki kusema ni ya moshi. Alinitafutia kazi kwa jamaa yake mwenye duka la dawa, nikasimama nyuma ya kaunta kuuza vidonge vya kichwa na mafuta ya kifua.

Mtoto alizaliwa landhi, kwa mikono ya mkunga wa jirani. Msichana. Nilikwenda kumwona siku hiyo hiyo baada ya kazi. Nilimfunua nikamtazama kila mahali, viganja, nyayo, ngozi ya tumbo, jinsi nilivyomwona daktari akiwatazama, na sikuona kitu. Alikuwa safi. Alilia usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na majirani wakalalamika, na mama yake akawaambia wazidi kulalamika. Dresa alimpima naye akasema ni mzima.

Dereva alikuja dukani mtoto akiwa bado mchanga. Nilimwona kupitia kioo akisimamisha lori, akishuka, akisimama, akitaka kurudi ndani ya lori, kisha akaja. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga kwa miezi, na mengine yake yalikuwa mazuri sana.

"Sista," akasema. "Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka sana," nikamjibu, kwa sauti iliyomfanya tajiri wangu, mwenye duka, ainue kichwa.

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kadi. Ilikuwa na mafuta ya injini kwenye kona, na mikunjo yake imechakaa hadi ikakaribia kukatika.

"Nimekwenda landhi. Dada yake alinisimamisha mlangoni. Akasema kama nataka kujua kwa nini bibi yangu amekataa kurudi, nikuulize wewe, wewe ndiye ulikuwa unatunza kadi." Akaiweka juu ya kaunta, upande wa mbele chini. "Mimi sijui kusoma Kizungu. Nisomee ya nyuma."

"Ya mbele unaijua?"

"Ya mbele daktari aliniambia kwa mdomo yake. Ya nyuma hakuniambia. Nilimwuliza. Akasema ni mambo ya mama, hayanihusu. Akaniambia tu nisikose kumleta."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalinipotea. Alikuwa ameuliza. Alimleta wiki baada ya wiki, akimshusha mlangoni na lori limejaa viazi vya watu, na hakujua anamleta kwa ugonjwa gani. Siku ile aliyoichukua kadi alikuwa anaficha aibu yake ya ujana, basi, hakujua kwamba kuna kitu kingine chochote cha kuficha. Yule daktari wetu alikuwa amewafunika wote wawili, kila mmoja asimwone mwenzake, akiamini anawatendea haki. Nilimpenda na nilitamani awe hai ili nimpigie kelele.

Nilimwomba tajiri ruhusa, tukatoka barazani. Nikaisoma kadi kwa Kiswahili, taratibu, kwa kuwa mwandiko ulikuwa umefifia kwenye mikunjo. Mimba ya kwanza, imekufa tumboni. Ya pili, imekufa tumboni. Wa tatu amezaliwa, amekufa kabla ya asubuhi. Damu imepimwa. Nikasoma jina la ugonjwa.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yangu. Hiyo iko mbele."

"Iko na huku."

"Mimi nilipona."

"Hukupona. Ulipigwa mbili ukaenda zako. Ilikuwa imelala ndani, ikamwingia yeye, ikawaingia watoto."

Alishika nguzo ya baraza. Watu walikuwa wakipita na vikapu vyao kutoka sokoni, mmoja akamwamkia kwa jina na yeye hakuitika.

"Yule wa usiku mmoja," akasema. "Mimi nilikuwa huku Nakuru na mzigo. Niliambiwa alilia kwa nguvu. Hata yule?"

"Hata yule."

Kisha akauliza kuhusu huyu aliyezaliwa, nikamwambia ni mzima, sindano za mama yake zilimfikia tumboni. Nikamwambia pia, kwa ukali maana sikujua kuongea naye vingine, kwamba na yeye aende kwa dresa apigwe zake zote safari hii, asitoroke. Akaitikia kwa kichwa. Nikamrudishia kadi yake. Hakuipokea.

"Mpelekee yeye."

"Ina upande wako pia," nikamwambia. "Jina lako liko juu, na mambo yako yote. Dada yake anajua kusoma. Landhi nzima itajua."

"Wacha wajue," akasema. Alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, na alinijibu akiwa amenipa mgongo. "Ya mbele ni yangu, lakini ni yeye amekuwa akiyazika, mtoto baada ya mtoto."